Barua ya wazi kwa wanaosimamia kambi za jiolojia

Kwenu wahadhiri, na wasaidizi wenu mnaowapeleka wanafunzi nyanjani kutoka Nairobi.

Wanangu, nimeona tena kambi ya Turkana ikiendeshwa kombo kwa namna ile ile, na safari hii sinyamazi. Darasa zima lina kijana mmoja tu wa Kiturkana. Basi likishafika Lodwar, uanafunzi wake unaisha. Anatumwa kwa chifu, anaitwa azungumze na wazee, anaulizwa maji yako wapi, anapatana bei ya mbuzi. Wenzake wako kwenye laga, mto uliokauka, wanapima tabaka za miamba. Yeye yuko chini ya mgunga anatafsiri. Jioni daftari lake lina kurasa mbili. Ripoti zikisahihishwa anashika mkia, kisha mtu mzima mwenye shahada anasema watoto wa huko hawaiwezi jiolojia. Mmemnyima kazi, halafu mnamcheka kwa kutofanya kazi!

Pigeni hesabu. Jua la kule linawaachia saa 6 za kazi kwa siku. Mkimchukulia 2 kila siku, kambi ya siku 12 imemla saa 24, yaani siku 4 nzima. Hizo ndizo siku za kuizoea dira: kuilaza kwenye uso wa tabaka, kungoja kiputo cha hewa cha kuonyesha usawa kitulie katikati, kusoma tabaka limeelekea wapi, kisha kupima mwinamo wake, yaani limelala kiasi gani, kwa mstari unaokata ule uelekeo kwa pembe mraba. Mambo hayo hayaingii kwa kusimuliwa. Yanataka vipimo vingi, makosa mengi, na mtu wa kumshtua mwanafunzi kwamba sindano imepotoka kwa sababu nyundo ya chuma iko karibu na dira. Aliyekuwa kwa chifu hakushtuliwa na mtu.

Dawa yake si ngumu. Ajirini mkalimani pale pale kijijini, mumlipe kwa siku, na fedha zake ziingie kwenye bajeti pamoja na dizeli kabla ya basi kuondoka. Habari zimfikie chifu wiki 2 kabla, si asubuhi ya kuwasili. Ikizuka dharura na mwanafunzi akasaidia, saa zake zirudishwe: kesho yake msaidizi ampitishe kwenye miamba aliyoikosa. Na madaftari yakaguliwe kila jioni, yote. Mkingoja siku ya mwisho mtakuta pengo ambalo haliwezi tena kuzibwa. Mkikagua siku ya pili, bado mna muda.

Tabia hii ya kumtumia mwenyeji kama macho na mdomo ina historia ndefu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mtafuta mifupa ya kale, ndiye aliyeona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, kilichotufikisha kwenye mifupa ya Mvulana wa Turkana, mtoto wa binadamu wa kale. Kamoya alikuwa ameishia shule ya msingi. Shahada ya heshima ya udaktari ilimfikia 2021, kutoka chuo cha Marekani, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sisi hapa tulikuwa wapi? Lakini linganisheni na zana za mawe za Lomekwi, huko huko magharibi mwa ziwa, zenye umri wa miaka milioni 3.3. Sammy Lokorodi, Mturkana, alisaidia kuigundua sehemu ile mwaka 2011, na makala ilipotoka katika jarida la sayansi la Nature mwaka 2015 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waandishi. Basi inawezekana. Kabla ya kwenda, kaeni mkubaliane kwa maandishi: nani anahesabiwa mwandishi, na kwa kazi ipi. Kumshukuru mtu kwa mstari mmoja mwishoni mwa makala ni rahisi mno.

Mengine nayataja tu. Buti, nyundo na lenzi ziwe stoo ya idara, ziazimwe kwa sahihi. Si kila mzazi anaweza kununua hata buti za mtumba za Gikomba. Ada ya kambi itangazwe mwanzoni mwa muhula. Nyama iwe halali kambi ikiwa na Waislamu. Mzaha wa ngamia na shuka kwa watoto wa wafugaji ukome, na anayeukomesha awe mhadhiri, si anayetaniwa. Wasichana wapangiwe choo na hema mapema.

Msijifariji pia kwamba muda utatibu. Mwaka 2018 jarida la Nature Geoscience lilichapisha uchambuzi wa shahada za udaktari za sayansi ya dunia, hewa na bahari nchini Marekani: miaka 40, na uwakilishi wa makabila yaliyoachwa nyuma haukuwa umesogea. Nchi yenye fedha zote zile!

Na sisi tuna deni zito zaidi, maana mali iko kwa hao hao tunaowaacha nyuma. Mafuta yalitangazwa Turkana 2012. Mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme unatoka katika ardhi ya Wamaasai. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha wa madini, yaani malipo ya anayechimba, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Jamii itajuaje kama 10 yake ni halali, ikiwa hakuna mtoto wake anayeweza kusoma ripoti ya uchimbaji na kuuliza tani zilipimwaje? Nairobi inaijua Turkana kwa ramani ya visima vya mafuta. Watu wake inawakumbuka wakati wa njaa.

Kuhusu nafasi za mazoezi ya kazi: mnawarundika wote kwenye ofisi za Upper Hill na Westlands, Nairobi, na kijana wa Marsabit hana shangazi wa kumpa kitanda mjini. Andikieni ofisi za maji za kaunti. Wanachimba visima, wanapima ukinzani wa umeme ardhini kutafuta maji, wanahangaika na chumvi na floraidi. Ni jiolojia kamili, na kijana analala kwao. Barua zitoke Januari, kwa sababu likizo ya Mei ikifika nafasi zimeshachukuliwa na watoto wa wenye namba za simu.