Njia ya Hariri haikuwa mstari mmoja

Mhariri,

Makala kuhusu Njia ya Hariri haikosi ramani ileile: mstari mmoja mwekundu kutoka China hadi Bahari ya Mediterania, kana kwamba mfanyabiashara alimpakia ngamia mzigo Chang'an, mji mkuu wa kale wa China, na kwenda kuutua pwani ya Shamu. Naomba tuachane na mstari huo, kwa sababu unawafuta watu.

Jina lenyewe halina umri mkubwa. Lilienea baada ya mwanajiografia Mjerumani, Ferdinand von Richthofen, kulitumia mwaka 1877. Kabla ya hapo kulikuwa na njia nyingi zilizopishana na kukutana kwenye maji. Wachache mno walizimaliza zote. Mzigo ulipokezwa soko kwa soko, na kila mkono ukiongeza bei yake.

Tunawajua watu hao kwa bahati. Mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein alikuta, kwenye magofu ya mnara wa ulinzi karibu na Dunhuang, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, barua za Wasogdia ambazo hazikuwahi kufika. Ziliandikwa kwenye karatasi mwanzoni mwa karne ya 4. Wasogdia, wenyeji wa Samarkand na miji ya jirani, ndio waliokuja kuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia hizo. Barua moja iliyokuwa ikienda Samarkand inaeleza njaa na vita nchini China, kisha mwandishi anageukia mali yake na mtoto yatima anayetaka atunzwe. Ilikuwa imezungushiwa hariri. Kitambaa ambacho ramani zetu zinakifanya kiini cha kila kitu, hapo kilikuwa bahasha tu.

Nyingine iliandikwa na mwanamke aitwaye Miwnay. Mumewe alimwacha Dunhuang na binti yao, bila fedha. Aliomba msaada kwa jamaa na kwa wakubwa wa jumuiya yake, akapigwa chenga kila mlango. Barua yake kwa mumewe ni ya hasira tupu, na kila niifikiriapo nakumbuka kwamba mumewe hakuisoma. Biashara ile ilijengwa pia juu ya migongo ya waliobaki nyuma.

Karatasi yenyewe ilisafiri vivyo hivyo, kwa kupokezana. Ilianzia China; katika karne ya 8 ikawa inatengenezwa Samarkand, ikafika Baghdad, na baadaye ikavuka hadi Hispania na Ulaya nzima. Hakuna mfalme aliyeipangia safari hiyo. Dini ya Buddha nayo ilipita na misafara, na katika karne ya 14 tauni ikafuata njia za biashara hizohizo.

Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha sehemu moja ya mtandao huo, yenye urefu wa kilomita 5,000 hivi na maeneo 33, katika nchi za China, Kazakhstan na Kyrgyzstan. Ninafurahi kwamba yaliyoorodheshwa ni pamoja na vituo na minara ya njiani, si makasri peke yake.

Kwa hiyo mkichapa tena ramani hiyo, choreni njia nyingi, na magharibi kidogo ya Dunhuang tieni nukta moja ndogo, pale barua ya Miwnay ilipokwama.

Msomaji wenu