Mjomba, hayo mawe yana wenyewe

Mjomba, shikamoo.

Ile video uliyotuma kwenye kundi la familia, inayodai kuwa piramidi za Misri na Zimbabwe Kuu hazikujengwa na Waafrika bali na viumbe wa sayari nyingine na "watu wa nje", nimeitazama yote, hadi bando likakata. Nimeona nikujibu hapa, maana kule mama mkubwa keshamwaga maua yake ya asubuhi njema na ujumbe wako umezama.

Piramidi za Misri sizisemi sana. Msimamizi mmoja wa enzi hizo, Merer, aliandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyobeba mawe kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, na maandishi yake kwenye mafunjo yalipatikana mwaka 2013. Viumbe wa sayari nyingine hawamo.

Kilichoniuma ni Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mji wa mawe kule Zimbabwe. Eti ilijengwa na "watu wa nje". Wimbo huo ni wa zamani, Mjomba. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika pale, akabandua kibanzi kwenye boriti ya mlango, akakinusa. Kikanukia kama penseli yake! Basi akakata shauri: huu ni mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo mwenye nyumba ni Malkia wa Sheba. Kwa harufu ya penseli tu.

Waliochimba kwa utaratibu, Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walikuta kazi ya Waafrika wa palepale, wazee wa Washona. Walowezi wa Kizungu hawakutaka kusikia.

Na ni kazi kweli. Ukuta unafika mita 11, bila saruji wala chokaa. Mwamba wa itale ukichomwa na jua mchana na kupigwa baridi usiku, hubanduka vipande bapa kama maganda ya kitunguu. Fundi anaokota, anagonga kingo, anapanga. Wewe uliyegombana na mafundi wako mwaka mzima kwa ukuta wa uani uliopinda, hebu fikiria huo wa mita 250 unaozunguka bila kulala upande.

Jina lenyewe kwa Kishona ni *dzimba dza mabwe*. Lisome kwa sauti. Unahitaji mkalimani kujua ni nyumba za mawe?

Watu wa nje walifika, sikatai. Palepale ilipatikana sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14. Kilwa, Mjomba, kwenu! Dhahabu ya bara ilishukia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na wazee wako wakaifuata kama wateja.

Msalimie mkaza mjomba. Idi nakuja, na hiyo video nikute umeshaifuta.