Risala ya Wasimamizi wa Wafanyakazi na Wajumbe wa Sendika (vyama vya wafanyakazi) wa Lubumbashi kwa Mgeni Rasmi, Profesa wa Saikolojia ya Kazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Profesa,
Wakuu wa kampuni mliopo,
Ndugu wajumbe wa wafanyakazi, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Karibu sana Lubumbashi. Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na tunaomba tuseme wazi ni wapi utafiti wa fani yako umetufaa na wapi bado haujatufikia.

Tangu mtafiti Chris Argyris alipoandika mwaka 1960 juu ya mkataba wa kisaikolojia, na mwenzake wa fani hiyo Denise Rousseau alipouchambua upya mwaka 1989, imejulikana kwamba mfanyakazi hubeba moyoni ahadi ambazo karatasi haizitaji. Mji huu unalielewa jambo hilo vizuri. Enzi za Union Minière, kisha Gécamines, kampuni kubwa za migodi ya shaba, kazi ilikuwa pia nyumba, hospitali, shule ya watoto na mposho (mgao) wa unga. Anayeajiriwa leo na kampuni ndogo ya kandarasi mara nyingi bado anapima kazi kwa kipimo hicho alichokikuta kwa baba yake, wakati mwajiri hajawahi kukifikiria.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni uchambuzi wa watafiti Morrison na Robinson wa mwaka 1997. Ahadi huvunjika kwa njia mbili: aidha mwajiri anajua aliahidi lakini hawezi au hataki kutimiza, au kila upande ulielewa jambo lake. Mkuu wa karakana humwambia fundi mpya: “Fanya bidii, baada ya miezi sita mambo yako yatakuwa sawa.” Mkuu anamaanisha kipindi cha majaribio, ambacho Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 haikiruhusu kuzidi miezi sita. Fundi anaenda nyumbani na habari ya nyongeza ya mshahara. Mwezi wa saba hakuna aliyedanganya, lakini hasira ipo, na dawa yake si ile ya mwajiri aliyekana neno lake.

Kwa hiyo tunapendekeza kila usaili uishie kwenye ukurasa mmoja wenye safu tatu: lililosemwa, nani mwenye uwezo wa kulitimiza, na lini litaangaliwa tena. Uandikwe kwa lugha iliyotumika katika mazungumzo. Ukiandikwa Kifaransa wakati ahadi ilitolewa kwa Kiswahili, kutoelewana kunarudi palepale. Usomwe tena mwezi wa tatu na wa sita, mbele ya mkuu aliyeahidi, si ofisi ya wafanyakazi peke yake. Malipo yakichelewa, sababu na tarehe mpya zitangazwe kabla ya siku ya mshahara. Maelezo yanayokuja baada ya watu kupanga foleni hupokelewa kama kisingizio.

Robinson, katika utafiti wake wa mwaka 1996, aliwafuatilia mameneja 125 wapya kwa miezi 30. Walioanza kazi na imani ndogo kwa mwajiri ndio ambao ahadi iliyovunjwa iliwapunguzia imani zaidi. Kwetu maana yake ni kwamba aliyewahi kudhulumiwa kazini kwingine huenda anahitaji uangalizi wa mapema kuliko wenzake, na kwa bahati mbaya ndiye anayeitwa msumbufu.

Mama Profesa, tunajua Uingereza iliipa athari ya utafiti nje ya chuo asilimia 20 ya alama katika tathmini ya vyuo ya mwaka 2014, kisha 25 mwaka 2021. Tunaunga mkono wazo hilo, mradi upimaji uwe wa haki. Utoro, malalamiko na idadi ya wanaoacha kazi vihesabiwe kabla ya mabadiliko, kama ukurasa huu wa safu tatu, na baada yake, na karakana moja ibaki bila mabadiliko kwanza ili kulinganisha. Bila hivyo, bei ya shaba ikipanda na bonasi zikalipwa, sifa itakwenda kwa mabadiliko hayo bure. Dodoso lisikusanywe na mkuu wa zamu, na matokeo ya kikundi cha watu wachache mno yasitolewe peke yake, kwani kila mtu atajua nani alisema nini.

Maombi yetu ni matatu. Kwanza, dodoso la Kiswahili cha hapa, lililojaribiwa kwa wachimbaji na mafundi wenyewe. Pili, utafiti juu ya kandarasi: mwenye mgodi anatoa amri, kampuni nyingine inalipa, na mfanyakazi hajui ahadi ni ya nani. Hili ndilo linalotuumiza zaidi, na vipimo vingi vilivyopo vinamfikiria mwajiri mmoja tu. Tatu, matokeo yarudishwe kwa waliojaza dodoso, kwa mkutano wa wazi, kabla ya kupelekwa kwenye majarida.

Tunakukabidhi risala hii pamoja na nakala tupu ya ukurasa wa safu tatu, ili uukosoe.

Asante sana.