Barua kwa rafiki anayetaka kufuata njia ya asili ya uzazi wa mpango

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai u mzima wa afya wewe na wote walio nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ulichoniuliza si jambo la kujibiwa kwa haraka. Umeniambia kwamba umeacha vidonge, na kwamba wewe na mumeo mmekubaliana kuepuka siku ya 14 na zile mbili zinazoizunguka, kwa kuwa mzunguko wako ni wa siku 28. Nakusihi, dada yangu, msitegemee hesabu hiyo.

Siku ya 14 ni makadirio tu. Hata mwanamke ambaye hedhi yake haikawii anaweza kupevusha yai mapema au kwa kuchelewa mwezi mmoja, kwa sababu ya ugonjwa, safari au mawazo mengi. Yai likishatoka haliishi zaidi ya saa 24, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wako hadi siku tano zikilisubiri. Kwa hiyo mkikutana Jumatatu, mimba inaweza kutungwa Jumamosi, wakati ninyi mlikwisha kuisahau Jumatatu yenyewe. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Hata wanaotumia kalenda inavyopasa huandika kwanza urefu wa mizunguko sita au zaidi, kisha hutoa 18 kwenye ule mfupi kuliko yote na 11 kwenye ule mrefu. Kama wako mfupi ni wa siku 26 na mrefu ni wa 31, basi siku za hatari zinaanzia ya 8 hadi ya 20. Linganisha na siku zenu tatu.

Mimi kalenda siiamini ikiwa peke yake. Ninachokiamini ni dalili za mwili, nazo ni mbili nizifuatazo kila siku. Ya kwanza ni ute wa mlango wa kizazi. Baada ya hedhi huenda ukahisi ukavu, kisha ute mzito unaonata, na kadiri yai linavyokaribia kupevuka ute huwa mwepesi, angavu na wenye kuteleza, ukiuvuta kati ya vidole viwili unanyumbuka bila kukatika, mithili ya ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona huo, jua umo katikati ya siku za hatari. Wala usingoje uufikie, kwa maana ute wowote unaoonekana kabla yake ni onyo tosha.

Ya pili ni joto la mwili. Kila alfajiri, kabla sijainuka wala kunywa maji, naweka kipimajoto chini ya ulimi, na mume wangu ndiye anayeandika namba kwenye daftari lililo upande wake wa kitanda. Yai likishatoka, joto hupanda kidogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, na kubaki juu. Tunasubiri asubuhi tatu mfululizo zilizo juu ya sita zilizotangulia, na ute nao uwe umekauka, ndipo tunapohesabu kwamba hatari imepita. Joto hukueleza yaliyopita, ute hukueleza yanayokuja. Ndiyo maana siwezi kuacha kimojawapo.

Nilijifunza hivyo kwa uchungu. Mwaka wa kwanza nilipata homa, joto likapanda, nami nikalisoma kama ishara ya yai kutoka ingawa ute ulikuwa bado unateleza. Tuliishi wiki mbili za wasiwasi mpaka hedhi ilipokuja.

Sitakuficha udhaifu wake. Katika wanawake 100 wanaotumia njia hizi kwa mwaka mmoja, kati ya 2 na 23 hupata mimba, na tofauti hiyo kubwa inatokana na njia waliyochagua na uaminifu wao katika kuifuata. Tena hazikukingi na magonjwa ya zinaa hata kidogo. Na kwa kuwa umetoka kwenye vidonge, mzunguko wako unaweza kuyumba miezi kadhaa. Tumieni kondomu kipindi hicho huku ukiandika chati, na umtafute muuguzi aliyefunzwa njia hizi azipitie pamoja nawe.

Zaidi ya yote, zungumza na mumeo. Daftari hili likiwa lako peke yako, utachoka, na siku atakayokataa kusubiri hakuna kipimajoto kitakachokusaidia. Mwombe awe mwandishi wa namba, kama wangu.

Pamoja na barua hii nimeweka nakala ya chati ya mwezi ule wa homa. Nimezungushia duara asubuhi niliyokosea; mtazame pamoja, kisha uniandikie mlichokiona.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.