Juma, usinunue pikapu ya Ford F-250 kabla ya kusoma stika ya mlangoni

Houston, Texas

Ndugu yangu Juma,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Ujumbe wako nimeupata. Unataka pikapu ya kuvuta treila ya guzneki ya pauni 14,000 (ndio uzito wake wa juu pamoja na mzigo), upeleke magari mawili kila safari kutoka Columbus hadi bandari ya Baltimore, na muuzaji anakuhimiza uchukue F-250 ya dizeli kwa sababu "inavuta kila kitu". Kuvuta itavuta, kwa kuwa injini yake ni ileile ya F-350, kaka yake mkubwa, na chasisi na breki zinakaribiana mno. Itakapokwama ni kwenye kubeba.

Treila ya guzneki haifungwi kwenye bampa. Shingo yake inakaa juu ya mpira wa chuma ulio ndani ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, na kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wote wa treila hulalia hapo. Tupige hesabu yako. Treila tupu pauni 4,500, magari mawili ya pauni 4,500 kila moja, jumla 13,500. Asilimia 20 ni 2,700. Ongeza wewe na msaidizi 400, minyororo, jeki, vifaa na tairi ya akiba 250, mpira na vyuma vyake 50. Umefika 3,400. Ukipandisha gari zito mbele, shingo ikafika asilimia 25, mzigo huo unavuka 4,000.

Sasa fungua mlango wa dereva, utazame stika iliyo kwenye nguzo. Inasema uzito wa abiria na mizigo usizidi pauni kadhaa. F-250 ya dizeli, milango minne, 4x4, mara nyingi utakuta kati ya 2,000 na 2,700, maana injini ya dizeli yenyewe nzito na inakula sehemu ya mzigo. F-350 ya tairi moja moja nyuma (moja kila upande), yenye injini hiyohiyo, mara nyingi ni kati ya 3,300 na 4,200. Usikubali namba ya kwenye tangazo. Magari mawili ya mwaka mmoja hupishana pauni mamia kwa sababu ya paa la kioo, viti vya umeme na ukubwa wa tairi.

Watu watakuambia ufunge mifuko ya hewa kwenye springi za F-250, mambo yaishe. Mifuko itainua nyuma, gari lionekane limenyooka, lakini ekseli, rimu na tairi ni zilezile na stika haibadiliki. Ukizidisha, nyuma inakaa, mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea, taa zinamulika juu, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa, zinapungukiwa uzito wa kushikia barabara. Tairi za nyuma nazo zinachemka. Kwenye miteremko ya I-68 huko magharibi mwa Maryland sitaki nikusikie uko hivyo.

Utauliza, kwa nini basi usichukue kabisa ile ya tairi mbilimbili nyuma? Inabeba zaidi ya pauni 5,000 na upepo wa ubavuni hauisumbui sana. Lakini hapo linaingia suala la leseni, na hili ndilo wengi hawaelezwi. Sheria ya Marekani inataka CDL, yaani leseni ya udereva wa magari ya biashara, daraja A, pale uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji kwa gari na kwa treila (kila kimoja pamoja na mzigo wake) ukijumlishwa unafika pauni 26,001 au zaidi, na treila peke yake inazidi 10,000. Treila ikiwa tupu haikuokoi, maana askari anasoma vibao. Gari la tairi mbilimbili lililoandikwa 14,000, na treila 14,000, ni 28,000: unahitaji CDL. F-350 ya tairi moja moja iliyoandikwa 11,500 inakupa 25,500, uko salama. Ila zipo zilizoandikwa zaidi ya 12,000, na 12,001 tu inatosha kukuvusha mpaka. Kwa hiyo stika ni mbili za kusoma: ya mzigo, na ya uzito wa juu wa gari.

Na usidhani F-250 itakuepusha na namba ya USDOT (namba ya usajili ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) na cheti cha afya cha dereva. Ukifanya biashara ya kuvuka majimbo, gari na treila pamoja vikizidi 10,000, vyote viwili unavihitaji.

Ushauri wangu: F-350, tairi moja moja, dizeli, kwa sababu breki ya ekzosi, inayotumia moshi wa injini kupunguza mwendo, itakusaidia sana kwenye miteremko. Ungekuwa na treila ya bampa ya pauni 10,000, ningekuambia F-250 ya petroli yatosha na pesa inabaki.

Kwenye gari la mtumba, kagua mafuta yanayovuja kwenye habu za nyuma, nyufa au uchomeleaji kwenye chasisi pale mpira ulipofungwa, na tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kama mfumo wa kusafisha moshi umeng'olewa, achana nalo. Ni kinyume cha sheria ya shirikisho.

Ukishapakia mara ya kwanza, ingia mizani ya CAT, ile ya kulipia iliyo kwenye vituo vya malori: tairi za mbele sahani ya kwanza, za nyuma ya pili, treila ya tatu. Kisha fungua treila, pima pikapu peke yake. Tofauti ya uzito wa pikapu ndiyo mzigo halisi wa shingo. Ukizidi, rudisha magari nyuma kidogo kwenye treila, lakini shingo isishuke chini ya asilimia 15, treila itaanza kuyumba.

Nitumie picha za stika zote mbili kabla hujatoa hata senti ya arubuni.

Wako,
Rashidi