Hilo jiko lisifungwe plagi, shoga yangu

Shoga yangu mpenzi,

Picha nimeziona, jiko zuri mashaallah, plate nne na oveni chini, hongera sana, keki za oda sasa utaokea kwako hapohapo Ngamiani. Ila hiyo habari ya fundi kutaka kulifungia plagi ya pini tatu ulichomeke kwenye soketi ya friji, hapana jamani, mwambie asimame kwanza.

Kile kibati cha nyuma ulichokipiga picha kimeandikwa wati 7,000. Umeme wetu ni volti 230, gawanya hapo unapata kama ampea 30. Plagi ya pini tatu mwisho wake ampea 13, yaani wati 3,000 hivi basi. Ukiwasha oveni peke yake huenda ikakubali, siku umewasha oveni na plate mbili kwa pamoja fyuzi ya plagi inaungua, na fundi mwingine atakwambia tuweke waya badala ya fyuzi, hapo ndo nyumba inapowakia. Mwezi uliopita nimeenda kwa mteja hapa Bagamoyo, oveni ndogo tu lakini kaichomeka kwenye ekstensheni, nimekuta plagi imeng'ang'ania kwenye soketi haitoki, plastiki imeyeyuka imekuwa kahawia na jikoni kote harufu ya kuungua.

Jiko kama lako linataka laini yake yenyewe kutoka mein swichi, waya wa milimita 6, breka yake ya ampea 32, halafu swichi kubwa ya jiko ukutani. Hiyo swichi aiweke pembeni, usikubali aiweke juu ya plate, maana siku mafuta yameshika moto utapitisha mkono wapi ukazime? Na kabla hajavuta chochote aangalie mein swichi yenyewe na waya unaotoka kwenye Luku kama vinaubeba huo mzigo, nyumba yenu ya zamani ile.

Sasa ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, hapa ndo nakuomba sana. Nyumba nyingi za zamani waya wa ethi haupo, au upo umeishia ukutani haujafika popote, au ile fimbo ya shaba huko nje kiungio chake kimeliwa na chumvi ya bahari. Kila kitu kitawaka vizuri tu bila ethi na wewe hutajua, mpaka koili ya oveni ipasuke umeme uhamie kwenye bodi ya jiko, na wewe umesimama peku kwenye sakafu mbichi unafungua mlango utoe keki. Kwa hiyo aipime kwa mita, asikwambie ipo kwa macho. Na aweke ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, bei imechangamka kidogo lakini usiikwepe shoga, una watoto.

Nyuma ya jiko akifungua kifuniko atakuta vipande vidogo vya shaba vinavyounganisha skrubu, mchoro wake upo hapohapo, avipange kwa umeme wa fezi moja kama ulivyo wa kwako, akikosea plate nyingine haziwaki mtaanza kumlaumu mwenye duka bure. Waya wa kahawia ni moto, yaani unaoleta umeme, bluu nyutro unaourudisha, kijani na njano ethi. Kila skrubu akikaza auvute waya kwa mkono, ukicheza arudie, waya uliolegea ndo unaochemka.

Siku ya kwanza washa oveni tupu nusu saa hivi madirisha wazi, itatoa moshi na harufu, ni mafuta ya kiwandani. Ile breka ya umeme ukivuja ikikata siku hiyo muite fundi apime, inawezekana koili imenyonya unyevu stoo, hewa ya pwani tena, ila asiitoe hiyo breka ndo tatizo liishe.

Muulize leseni ya ufundi umeme ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, asione haya kukuonyesha. Na kabla hajarudisha kifuniko cha nyuma nipigie video nizione hizo skrubu, hata kama ni usiku we piga tu.

Msalimie shemeji na watoto.

Shoga yako, Bagamoyo