Safari ya kutazama treni ianze na stesheni, si na tiketi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo ambalo kurasa za safari hulipita kila mara. Makala zinazowashauri wapenzi wa treni namna ya kuzunguka eneo fulani kwa reli huwapangia treni za kupanda tangu alfajiri hadi usiku, kana kwamba anayekwenda kutazama treni ana haja ileile ya anayewahi mkutano, yaani kufika. Aliyeketi ndani ya behewa haioni treni aliyoipanda, na zile anazopishana nazo humpita dirishani kwa sekunde mbili tatu, hata namba ya kichwa cha treni, ambayo sisi watazamaji huiandika daftarini, isisomeke.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Safari yangu ya kwanza ya aina hii niliipanga kwa siku nne, treni saba kila siku, na baina ya treni moja na nyingine nikajiachia dakika kumi na mbili. Siku ya pili treni ya kwanza ilichelewa dakika ishirini, na zote zilizofuata zikaniponyoka moja baada ya nyingine. Nilirudi na namba kumi na tisa tu daftarini, na kumi na moja kati ya hizo niliziandika katika stesheni ndogo ya makutano nilikokwama kwa saa mbili. Niliihesabu siku hiyo kuwa hasara, mpaka nilipolisoma daftari lenyewe.

Tangu hapo naanza kwa kutafuta mahali pa kusimama, ndipo nitafute treni ya kunifikisha. Mahali bora ni pale ambapo reli zenye tabia tofauti zinakutana, kwa kuwa hapo treni hazipiti tu, bali hufanyiwa kazi mbele ya macho yako. Kidatu, nchini Tanzania, reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma inakutana na reli ya milimita 1,000, na mzigo unaotoka upande mmoja kwenda mwingine hauna budi kuhamishwa. Brennero, mpakani mwa Austria na Italia, yapata mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, upana wa reli ni uleule ila umeme hubadilika: Austria hutumia volti 15,000 za mkondo geu, Italia volti 3,000 za mkondo mnyoofu. Kichwa kisichoweza kutumia umeme wa aina zote mbili lazima kifunguliwe hapo na kingine kifungwe. Mfanyakazi huinama kati ya kichwa na behewa, huilegeza skrubu ya kiungio, hutenganisha mabomba ya hewa ya breki nayo yakatoa mlio mkali wa hewa inayotoka, kisha kichwa kipya husogea taratibu mpaka viguso vyake, yaani vyuma vya mbele vinavyopokea msukumo, vikutane na vya behewa. Baada ya hapo breki hupimwa kabla treni haijaondoka. Nani atayaona hayo akiwa mbioni kuiwahi treni ya saba?

Ratiba nayo isomwe kwa jicho la mtu anayengoja. Uswisi ilianzisha mwaka 1982 ratiba ya nchi nzima ambayo treni zake hurudia dakika zilezile kila saa, na mwaka 2004 safari ya Zurich hadi Bern ikashushwa chini ya saa moja ili treni za njia mbalimbali zikutane katika stesheni kuu karibu na saa kamili na nusu saa. Kwa abiria, huo ni urahisi wa kubadili treni. Kwa mtazamaji ni zaidi ya hapo, maana anajua kwamba muda mfupi kabla ya saa kamili majukwaa yatajaa na muda mfupi baadaye yatakuwa matupu, hivyo anaweza kupumzika katikati bila kupitwa na kitu. Treni za mizigo hazimo katika ratiba ya abiria. Hizo zinataka subira, na siku za kazi zina bahati kuliko Jumapili. Aangalie pia tarehe, kwa kuwa ratiba za Ulaya hubadilika kila mwaka katikati ya Desemba, na mpango uliotungwa Novemba unaweza kuwa batili mwezi unaofuata.

Kuhusu tiketi nitasema kidogo. Pasi ya siku kadhaa, kama Eurail, ambayo imekuwapo tangu 1959 kwa wakaao nje ya Ulaya, inamfaa mtazamaji kwa sababu inamruhusu kushuka popote aonapo pa kushuka, ingawa treni nyingi za kasi za Ufaransa na Italia bado zinadai nafasi iliyowekwa mapema.

Daftari lisisahaulike. Vichwa vya treni Ulaya hubeba namba ya tarakimu 12: 91 mwanzoni huonyesha kichwa cha umeme, 92 cha dizeli, kisha hufuata nchi kilikosajiliwa, 80 ikiwa Ujerumani, 81 Austria, 83 Italia na 85 Uswisi. Anayezijua tarakimu hizo nne anaweza kusimama mwisho wa jukwaa, nyuma ya mstari wa usalama na bila kummulika dereva kwa taa ya kamera, akatambua kichwa kimetoka wapi kabla hakijasimama. Sheria za kupiga picha hutofautiana toka nchi hadi nchi, na ni vyema kumuuliza mfanyakazi wa stesheni kwanza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha tena mwongozo wa safari ya reli kwa wapenzi wa treni, waombeni waandishi wenu wataje, pamoja na saa za kuondoka, angalau stesheni moja ya kukaa nusu siku, ni jukwaa lipi lenye mwonekano mzuri, na ni nini kinachotarajiwa kupita hapo.

Wasalaam,
Msomaji wenu na mpenzi wa reli